Pilates: kazi ya pili ya watu ambao mwili uliwaachisha kazi ya kwanza

Huko Marekani na Ulaya, kuna watu wanaoacha ofisi, hospitali au jukwaa la dansi ili kuwa walimu wa Pilates, yale mazoezi ya polepole yanayofanywa juu ya mkeka au kwenye mashine yenye resori. Wengine hutoa akiba yao yote kulipia masomo. Historia ya kazi hii inaanzia kambini wakati wa vita, inapita kwa wachezaji dansi walioumia, na inafika mbele ya mahakama moja ya New York. Anayetaka kuingia ndani yake, au mwenye ndugu ng'ambo anayetaka kubadilisha kazi, anafaa kuijua kabla ya kutoa pesa.

Mwanzo wake ni kambini

Joseph Pilates alizaliwa mwaka wa 1883 katika mji wa Mönchengladbach, inchini Ujerumani. Kabla ya vita kuu ya kwanza ya dunia alihamia Uingereza, ambako mwili wake ndio uliomlisha: alipigana bokisi na kuonyesha maonyesho ya nguvu. Vita ilipoanza mwaka wa 1914, Wajerumani walioishi Uingereza walihesabiwa kuwa maadui. Walikamatwa na kufungwa, hata kama hawakuwa askari.

Pilates alipelekwa katika kambi ya Knockaloe, kwenye kisiwa cha Isle of Man. Kambi hiyo ilifikia kuwa na watu zaidi ya 20,000. Wasomaji wetu wa Kivu na Ituri hawahitaji kuelezwa sana maisha ya kambi: siku ndefu, watu wengi mahali padogo, mwili unaolegea kwa kukaa bila kazi. Huko ndiko alikoendeleza mazoezi yake na kuyafundisha kwa wafungwa wenzake. Hayakuhitaji kiwanja wala vyombo vya bei. Yalihitaji sakafu, pumzi na akili iliyotulia.

Mwaka wa 1926 alivuka bahari na kufika New York. Pamoja na mwenzake Clara, alifungua chumba cha mazoezi kwenye barabara ya Eighth Avenue. Yeye mwenyewe hakuyaita mazoezi hayo kwa jina lake. Aliyaita Contrology, ni kusema elimu ya kuutawala mwili kwa akili. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1945 alieleza mazoezi 34 ya mkekani. Hayo ndiyo msingi wa kile ambacho walimu wanafundisha mpaka leo.

Wachezaji dansi walioumia

Karibu na chumba hicho kulikuwa na wachezaji dansi wengi, na mchezaji dansi anaishi kwa magoti na vifundo vya miguu. Vikiharibika, mkate nao unakatika. Ndiyo sababu wengi wa walimu wa kwanza hawakuja kwa Pilates wakitafuta kazi. Walikuja wakitafuta kupona.

Romana Kryzanowska alikuwa mwanafunzi wa dansi ya ballet alipoumia kifundo cha mguu. Mwalimu wake, George Balanchine, ambaye ni kati ya watu wakubwa zaidi katika historia ya dansi ya Marekani, alimpeleka kwa Pilates mwaka wa 1941. Baadaye aliishi miaka mingi inchini Peru, akarudi New York, na Pilates alipokwisha kufariki mwaka wa 1967, Romana akawa mmoja wa wale walioendeleza kazi yake. Alifundisha mpaka uzee.

Carola Trier alikuwa mchezaji wa jukwaani kutoka Ujerumani. Katika vita ya pili ya dunia alifungwa kambini huko Ufaransa kabla ya kufaulu kufika Marekani. Yeye pia aliumia, akatibiwa kwa mazoezi hayo, kisha akafungua chumba chake mwenyewe kwa baraka ya Pilates. Ni kusema kazi hii, ambayo leo inaonekana kama jambo la watu wenye pesa, mkimbizi mmoja alikuwa kati ya wale wa kwanza kuisimamisha.

Kuna pia wanawake wawili ambao habari yao inatugusa zaidi. Kathleen Stanford Grant, mzaliwa wa 1921, alikuwa mchezaji dansi mweusi katika Marekani ya wakati ambapo milango mingi ya dansi ilikuwa imefungwa kwa watu weusi. Goti lake liliharibika. Lolita San Miguel, wa asili ya Puerto Rico, alicheza katika kundi la ballet la Metropolitan Opera, na yeye pia aliumia goti.

Wote wawili walipitia katika mpango wa serikali ya jimbo la New York uliosaidia watu kupata ufundi mpya wa kuishi nao. Mwaka wa 1967 walipewa cheti cha kufundisha, baada ya kujifunza chini ya Joseph Pilates mwenyewe. Tuseme wazi maana ya jambo hilo: serikali ilikubali kwamba mtu aliyezoea kuishi kwa mwili wake anaweza kusomeshwa upya ili aishi kwa ujuzi wa miili ya wengine. Kathleen Grant alikuwa tayari amepita miaka 40.

Mahakama ilifungua mlango

Kwa miaka mingi baada ya kifo cha Pilates, kulikuwa ugomvi juu ya jina lake. Wale waliokuwa na haki za biashara juu ya jina hilo hawakutaka mtu mwingine alitumie bila ruhusa. Walimu wengine walikuwa wakifundisha mazoezi yaleyale lakini wakaogopa kuandika neno Pilates juu ya mlango wao.

Kesi iliisha mwezi wa kumi wa mwaka wa 2000. Hakimu Miriam Goldman Cedarbaum wa mahakama ya New York aliamua kwamba Pilates ni jina la aina ya mazoezi, kama vile yoga au karate, na kwamba hakuna anayeweza kulifanya kuwa mali yake peke yake.

Uamuzi huo ulileta mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni zuri: kazi ilifunguka. Vyumba vya mazoezi viliongezeka, na watu waliotaka kubadilisha kazi walipata pa kuingilia. La pili ni la kuogopa: jina likiwa la wote, hakuna anayeweza kumzuia mtu aliyejifunza siku mbili tu kujiita mwalimu wa Pilates. Vyeti vikaanza kutolewa na kila aina ya shule, vingine baada ya mwaka mzima wa kazi, vingine baada ya wikendi moja.

Mwaka wa 2001, walimu wa Marekani waliunda chama kinachoitwa Pilates Method Alliance ili kuweka mpaka kidogo. Kutokana na juhudi hizo kulikuja mtihani wa kitaifa, na anayetaka kuufanya kwa kazi kamili anaombwa kuwa na masomo yasiyopungua masaa 450. Lakini mtihani huo si sheria. Mtu anaweza kufundisha bila kuupita, na mteja anayeingia mlangoni hana namna rahisi ya kujua tofauti.

Masaa 450 ni ya kufanya nini?

Mtu anayesikia masaa 450 anaweza kushtuka. Akisoma masaa kumi kwa juma, ni majuma 45, karibu mwaka mzima. Kwa nini muda wote huo kwa mazoezi ya kulala chini na kuinua miguu?

Tuchukue zoezi la kwanza katika kitabu cha 1945, linaloitwa Hundred, yaani mia moja. Unalala chali, unainua kichwa na miguu, unanyoosha mikono kando ya mwili na kuipiga juu chini kidogo kidogo. Unavuta pumzi kwa mapigo matano, unaitoa kwa mapigo matano, mara kumi. Jumla ni mapigo mia moja. Mtoto wa shule anaweza kulijifunza kwa dakika tano.

Sasa weka mbele ya mwalimu watu sita. Wa kwanza anavuta kwa shingo, na kesho ataamka na maumivu ya kichwa. Wa pili mgongo wake unainuka kutoka mkekani, maana yake tumbo limechoka na mzigo umehamia kiunoni. Wa tatu amejifungua miezi miwili iliyopita na misuli ya tumbo lake haijarudi mahali pake. Wa nne ni mzee ambaye mifupa yake imekuwa myepesi. Kwa mtu kama huyo, kukunja mgongo kwenda mbele kwa nguvu kunaweza kuvunja mfupa. Wa tano anazuia pumzi bila kujua. Wa sita anafanya vizuri na tayari anachoka kungoja wengine.

Kila mmoja anahitaji neno lake: huyu ateremshe kichwa, yule akunje magoti, mwingine apewe zoezi tofauti kabisa, na yote hayo bila darasa kusimama. Hilo halipatikani katika karatasi. Ndiyo maana shule nzuri zinagawa masaa kwa sehemu tatu. Kuna kujifunza mazoezi na ujenzi wa mwili: mifupa, misuli, viungo. Kuna kuyafanya kwa mwili wako mwenyewe mara nyingi mpaka ujue panapouma na kwa nini. Na kuna staji: kukaa pembeni ukimtazama mwalimu aliyekomaa, kisha kufundisha yeye akikutazama na kukusahihisha.

Wengi huanza na mkeka tu, kwa sababu ni bei ndogo na ni muda mfupi. Wanaoendelea hujifunza mashine. Ile inayojulikana zaidi inaitwa Reformer: ni kitanda chenye kiti kinachoteleza, kamba na resori zinazovuta au kusaidia mwili. Kuna pia Cadillac, viti na mapipa. Kila chombo kina mazoezi yake na hatari zake. Resori iliyofungwa vibaya inaweza kumwangusha mteja.

Pesa: mambo ambayo shule haziyasemi sana

Matangazo ya shule yanaonyesha mwalimu anayecheka katika chumba chenye mwanga. Mahesabu hayaonekani. Basi tuyaweke hapa.

Kwanza, walimu wengi hawana mshahara wa mwezi. Wanalipwa kwa darasa. Mteja akikosa kuja, au mwalimu mwenyewe akiugua mafua, siku hiyo haina pesa. Muda wa kutayarisha darasa na wa kutembea kutoka studio moja mpaka nyingine mara nyingi haulipwi.

Pili, wateja wana kazi zao. Wanakuja alfajiri kabla ya ofisi na jioni baada ya ofisi. Aliyeacha kazi ya ofisini ili apate muda na watoto wake anaweza kujikuta anatoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi na kurudi saa tatu usiku, huku mchana mzima akiwa mtupu.

Tatu, kufungua chumba chako si mchezo. Mkeka ni bei ndogo, lakini mashine moja nzuri ya Reformer inagharimu maelfu ya dola, na darasa la watu sita linaomba mashine sita. Ongeza kodi ya nyumba na bima.

Nne, mwili wa mwalimu ndio chombo chake cha kazi. Aliyekimbilia huku kwa sababu ya goti bovu bado ana goti lile lile. Wale wanaodumu ni wale wanaojifunza kufundisha kwa macho na kwa maneno, bila kuonyesha kila zoezi mara nane kwa siku.

Kwa hiyo shauri ambalo linarudi mara nyingi katika kazi hii ni moja: usiache kazi ya kwanza siku unapolipa minervale ya masomo. Anza kama mwanafunzi wa kawaida kwa miezi kadhaa. Kisha somea mkeka. Fundisha jioni mbili kwa juma. Ukiona wateja wanarudi na mwili wako unavumilia, ndipo upunguze kazi ya zamani.

Mwalimu si daktari

Hapa ndipo pana hatari kubwa, kwa sababu watu wengi wanakuja kwenye Pilates kwa ajili ya maumivu ya mgongo. Je, inasaidia? Mwaka wa 2015, watafiti wa shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima matokeo ya utafiti wa kiafya, walichunguza tafiti 10 juu ya maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Walikuta kwamba kufanya Pilates ni bora kuliko kukaa karibu bila matibabu yoyote, lakini ushahidi wenyewe si wa nguvu sana. Tena hawakupata hakika kwamba Pilates inashinda mazoezi ya aina nyingine.

Huo ni ukweli wa kiasi, na mwalimu mwaminifu anausema hivyo hivyo. Hasemi kwamba anaponya. Mtu akimwambia kwamba mguu umekufa ganzi, kwamba mkojo unatoka bila yeye kujua, au kwamba maumivu yanamwamsha kila usiku, anasimamisha mazoezi na kumtuma kwa daktari siku hiyo hiyo. Kujua pa kusimama ni sehemu ya ufundi, na mara nyingi ndilo jambo ambalo masomo ya wikendi moja hayana muda wa kufundisha.

Kwetu na kwa ndugu walio ng'ambo

Hapa Mashariki mwa Kongo, migongo inayouma tunaijua. Kuna kijana anayesukuma chukudu yenye viazi kutoka Kibumba mpaka Goma. Kuna mama wa Bukavu anayepanda mlima na mzigo uliofungwa kamba kwenye paji la uso. Kuna dereva wa pikipiki anayepigwa na mawe ya barabara tangu asubuhi mpaka usiku. Pilates haiwezi kuondoa mzigo huo, na yeyote atakayewauzia watu hao miujiza ya mkekani atakuwa anawaibia. Kwetu, aliyesomea kuurudishia mwili nguvu zake ni kine, na hospitali ndiyo mahali pake. Lakini kine, muuguzi au mchezaji dansi anayejua tayari mwili wa mtu angekuwa karibu zaidi na kazi hii kuliko mtu anayeanza bila msingi wowote.

Kwa ndugu walio Ulaya, kuna jambo moja la kuangalia kabla ya kulipa. Sheria hazifanani. Huko Ufaransa, sheria ya michezo inaomba kila mtu anayefundisha mazoezi ya mwili kwa malipo awe na diploma inayotambuliwa na serikali, na ajitangaze kwa wakubwa ili apewe kadi ya kazi. Cheti cha Pilates kilichopatikana kwa intaneti, hata kiwe na muhuri mzuri, hakitoshi peke yake. Mtu anaweza kumaliza akiba yake kwa karatasi ambayo haimruhusu kufanya kazi.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata dola moja, uliza shule maswali manne. Ni masaa mangapi kwa jumla, na mangapi kati yake ni ya staji chini ya macho ya mwalimu? Nani atanisahihisha, na yeye alisomea wapi? Cheti hiki kinaniruhusu kufundisha kwa malipo katika inchi ninayoishi? Na wale waliomaliza mwaka jana wanafanya kazi wapi leo? Shule isiyotaka kujibu swali la mwisho imekwisha kujibu.

Tukumbushe kwamba Kathleen Grant, aliyepewa cheti chake mwaka wa 1967 baada ya goti kumgeuzia maisha, aliongoza studio katika duka moja kubwa la New York, kisha kuanzia mwaka wa 1988 akafundisha katika chuo kikuu cha mji huo, New York University. Alifariki mwaka wa 2010. Mwenzake Lolita San Miguel, mzaliwa wa 1934, alikuwa amepita miaka 70 alipoanza mpango wa kulea walimu wengine. Dansi iliwapa wanawake hao miaka yao ya ujana. Kazi ya pili, ile waliyojifunza wakiwa wameumia, iliwapa miaka zaidi ya 40.